Pindo la Sebule

Alhamisi saa kumi na mbili jioni, ukuta wa mlango mkubwa wa sebule yetu ulikuwa bado wazi miguuni. Kuta nyingine zote zilishavaa skatingi, ule ukanda wa tailizi unaofunika mguu wa ukuta. Huu mmoja, ambao kila anayeingia huvua viatu chini yake, ulikuwa umebaki na mita tatu na ushee za lipu tupu, na juu ya lipu ule mstari mwekundu unaoachwa na maji ya deki. Jumamosi saa nne asubuhi wazee walikuwa wanafika kutoka Katesh na barua ya posa ya binti yetu wa kwanza. Fundi alikuwa ameshakunja vifaa vyake. Boksi lilikuwa tupu, na vipande vilivyobaki juu ya gazeti vilikuwa vifupi kuliko kiganja.

Baba watoto alisimama katikati ya chumba na daftari mkononi. Alikuwa anarudia hesabu ile ile aliyoifanya mwezi wa kumi, na hesabu ilikuwa inampa jibu lile lile: tailizi zinatosha, tena vinabaki vipande sita.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona hapa Babati tangu binti huyo anayeposwa akiwa mgongoni, na katika miaka yote hiyo nina sharti moja ambalo wateja wangu wanalijua: sishoni kwa kukisia. Ukinituma nguo ya dada yako na kuniambia kiuno chake ni kama chako, nitakwambia aje mwenyewe nimpime. Nimewarudisha watu waliotoka Magugu na kitenge kizuri kwenye mfuko kwa sababu mwenye mwili hakuwapo. Kwa hiyo jioni ile, nilipokaa juu ya stuli na kuutazama ukuta ule, kilichoniuma hasa hakikuwa hizo mita tatu. Niliumia kwa sababu aliyeipima sebule hii mwezi wa kumi nilikuwa mimi.

Anayeishi chini ya Mlima Kwaraa anaujua udongo wetu. Wakati wa masika unaganda kwenye soli za viatu. Kiangazi unapanda hewani kila lori linapopita kuelekea Singida au Dodoma, na jioni ukipitisha kidole juu ya meza unaweza kuandika jina lako. Nyumba inadekiwa kila siku, na dekio halijui mahali sakafu inapokoma na ukuta unapoanza, linagusa vyote viwili. Sisi tuliweka tailizi za sakafu mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, tukaiacha skatingi kwa sababu hela ya fundi ilikuwa imekwisha na ada ya Januari ilikuwa mbele yetu. Ndani ya miezi kumi kuta nne zilikuwa zimechora mstari mwekundu wa urefu wa shibiri, na rangi ya chini ilikuwa imeanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Mama mkwe, ambaye ni Mgorowa wa Bonga, alikuja kutusalimu wakati wa mavuno. Alikaa, akanywa chai, akatazama chini, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huu ukuta mbona umevaa nguo fupi?" Akasimulia kwamba zamani nyumbani kwao waliposiriba sakafu kwa samadi na udongo laini, mkono haukukoma pembeni. Ulipanda na ukuta kiasi cha shibiri moja, ukalainisha kona yote ikawa kama ndani ya bakuli. Ufagio ulipita bila kukwama na maji hayakupata mahali pa kuingilia. Sakafu na mguu wa ukuta vilisiribwa siku moja kwa udongo mmoja.

Nilipenda neno lake la nguo fupi, kwa sababu mafundi wa nyumba nao wamefika hapo hapo kwa njia nyingine. Skatingi na sketi ni ndugu wa damu moja. Maneno yote mawili yametoka kwa Waingereza, moja likaenda kwa waashi na jingine likaja kwetu sisi wa cherehani. Kitu chenyewe ni pindo la chumba. Na mimi mapindo ndiyo kazi yangu.

Sasa nieleze tulivyopima, maana bila hilo mtu hataelewa tulivyogombana.

Jioni moja ya mwezi wa kumi nilitoa futi kamba yangu mfukoni, hii laini tunayovaa shingoni, yenye sentimita 150. Chumba kilikuwa na makochi, kwa hiyo sikwenda ukutani. Nilipita katikati ya sakafu, binti yangu akishika upande mmoja nami upande mwingine, tukawa tunaweka alama ya chaki na kuhamisha. Urefu ukaja mita 5.20, upana mita 4.10. Baba watoto ni karani wa ghala la mazao. Hesabu ya magunia haijawahi kumpiga chenga, akaandika vizuri kabisa: urefu kujumlisha upana ni 9.30, mara mbili ni 18.60. Huo ndio mzingo wa mstatili kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Toa milango miwili ya sentimita 90, zinabaki mita 16.80. Tailizi zetu ni za 40 kwa 40, na skatingi ni ya kimo cha sentimita 10, basi kila tailizi moja inapasuliwa vipande vinne vya urefu wa sentimita 40. Mita 16.80 ni vipande 42. Boksi lina tailizi 12, ambazo ni vipande 48. Boksi moja linatosha na vipande sita vinabaki.

Ile ya sakafu ilipimwa na fundi mwenyewe kwa tepu yake. Ya skatingi tuliifanya sisi, kwa sababu ilionekana kama kitu kidogo. Tukanunua maboksi 13 ya sakafu na moja la skatingi, yote kwa mzigo mmoja, na lile moja tukaliweka stoo, limelala. Mavuno yalipoingia tukapanga magunia ya mahindi juu yake. Tailizi huwekwa zikiwa zimesimama kwa ukingo, kama vitabu kwenye rafu, kwa sababu zikilala na uzito ukakaa juu yake zinapasuka kimya kimya. Hilo nalijua leo. Siku ile niliona boksi gumu lililofaa kuinua mahindi yasiguse sakafu.

Fundi alikuja Jumanne. Tulipoondoa magunia na kufungua boksi tukakuta tailizi mbili zimepasuka kutoka kona hadi kona. Zikabaki 10, yaani vipande 40, nami nikajituliza kwamba upungufu ni wa vipande viwili tu, tutaviziba nyuma ya kabati. Akaanza kukata. Vipande vya pembeni vilitoka vizuri. Vya katikati vilikuwa vinameguka, huku na huku vinafanya meno kama panga lililogonga jiwe, na vitano vilikatika kabisa. Alianzia ukuta wa ndani akazunguka kwenda mlangoni. Jumatano jioni alikuwa amefika upinde wa korido. Alhamisi alasiri alikuwa ameanza kuunganisha mabaki, kipande cha inchi nne hapa na cha inchi tatu pale, na saa kumi na moja akasimama, akajifuta mikono, akasema, "Mama, zimekwisha." Ijumaa alikuwa na kazi nyingine nje ya mji, akatuaga. Simlaumu kwa kuondoka. Tulimwita kwa siku tatu na siku tatu zilikuwa zimetimia.

Usiku ule hatukula vizuri. Baba watoto alikuwa ameazima tepu ya chuma kwa jirani, na baada ya sala ya jioni akaitandaza mezani, akanyoosha futi kamba yangu kando yake. Mwanzo kwa mwanzo vilikaa sawa. Mwishoni, 150 ya futi kamba ilifika kwenye 152.9 ya chuma. Karibu sentimita tatu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unaona, mama watoto. Umetupimia kwa kamba iliyovutika."

Maneno yale yaliniingia mahali pabaya, kwa sababu yalikuwa kweli na kwa sababu yaligusa kazi inayowasomesha watoto wake. Nikamjibu kwamba kwa kamba hiyo hiyo nimeshona sare za kwaya, magauni ya maharusi na suruali zake yeye mwenyewe, na hakuna hata moja iliyorudi. Naye akasema basi eleza. Nikakosa la kueleza, nikaenda kulala nimegeukia ukutani.

Jibu lilinijia alfajiri, na bado naliona kuwa jambo zuri kulijua. Futi kamba inapovutika, alama zake zinatengana, kwa hiyo inasoma pungufu. Lakini mimi humpima mteja kwa kamba ile ile ninayopimia kitambaa. Kiuno chake kikisomeka pungufu kwa upana wa kidole, kitambaa nacho kinasomeka pungufu kwa upana huo huo, na vazi linamkaa. Kosa limejifuta lenyewe. Ndivyo hata wafanyabiashara wa misafara waliopita nchi hizi na merikani walivyoweza kuuza nguo kwa mkono wa mtu: shuka mikono minne, doti mikono minane. Kipimo kilikuwa mwilini, mkono wa mfupi si mkono wa mrefu, lakini aliyepimiwa kwa mkono mmoja mwanzo hadi mwisho alijua alichopata. Shida huanza pale mikono miwili inapokutana. Tailizi haikupimwa kwa kamba yangu. Ilipimwa kiwandani, sentimita 40 kamili za chuma. Mimi nikaleta chumba kilichosomwa kwa kipimo cha cherehani nikakikutanisha na kigae kilichosomwa kwa kipimo cha kiwanda, na hapo hapakuwa na kitu cha kulifuta kosa.

Nilimwamsha nikamwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Samahani kwa jana." Tukaamka.

Ijumaa saa mbili nilikuwa dukani na kipande mkononi kama mtu anayetafuta kifungo. Jina la tailizi lilikuwa lile lile, picha kwenye boksi ile ile. Nikalipia boksi moja, ambalo kwangu ni ufundi wa magauni mawili, bajaji ikanileta nyumbani. Tulipoweka tailizi mpya kando ya sakafu karibu na dirisha, binti yangu akashika mdomo. Sakafu yetu ni ya rangi ya maziwa yaliyoingia chai kidogo. Hii chai ilikuwa imezidi. Tena ilikuwa pana kuliko zetu kwa unene wa kucha.

Hapa ndipo nilipotaka kulia, na si kwa sababu ya duka. Duka halikunidanganya, na boksi lenyewe lilikuwa limeandikwa namba ya rangi ubavuni, tofauti na ya boksi letu tupu lililokuwa uani. Udongo unaochomwa leo kiwandani, kule Mkuranga au Chalinze au China, hautoki kwenye tanuri ukiwa sawasawa na uliochomwa mwaka jana. Ndiyo maana viwanda huandika namba. Na mimi hilo nalijua tangu utoto wa kazi yangu! Kitenge cha ua moja, kiwanda kimoja, ukikinunua kwenye robota hili na mwezi ujao ukanunua kwenye robota jingine, wekundu hauji sawa. Wanawake wa kikundi wakija kushona sare, jambo la kwanza ninalowaambia ni wanunue vyote siku moja na waongeze kimoja cha akiba. Nimelisema hilo pengine mara mia. Sikuwahi kuliambia ghala langu mwenyewe.

Binti yangu akatoka nje na simu. Alikuwa na mwenzake aliyesoma naye sekondari ambaye alikwenda VETA na sasa anaweka tailizi. Ilipofika saa sita akaingia msichana mwembamba amevaa ovaroli, mkoba begani, akapiga goti kidogo mlangoni.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umetukuta katika hali hii."

Hakugusa boksi jipya. Hakuuliza tumekosea wapi. Alisogeza kochi la kwanza, akapiga magoti, akatoa tepu ya chuma na penseli, akaanza kupima ukuta chini kabisa, mahali skatingi inapokaa. Kila kona aliyoifikia alisimama akaandika. Nguzo iliyotokeza ukuta wa kusini, ambayo sisi tuliipita kama vile haipo, aliipima ubavu huu, uso, na ubavu ule: 20, 30, 20. Upinde wa korido, ambao hauna fremu, aliutoa kwenye ukuta, kisha akaingia nao ndani, kwa sababu pale skatingi haikomi, inakunja kona na kuingia unene wa ukuta, sentimita 20 kila upande. Alizunguka chumba kizima kwa magoti. Ilimchukua kama robo saa. Baba watoto alikuwa anamfuata nyuma anasogeza makochi, na mimi nilikuwa nimeshika mwisho wa tepu bila kuambiwa.

Mwishoni akajumlisha. Urefu wa kweli wa chumba ulikuwa mita 5.30 na upana 4.18, kumbe kamba yangu ilikuwa imekula sentimita 36 katika mzunguko mzima. Lakini alipotoa milango, akatoa upinde ambao sisi hatukuutoa, akaongeza nguzo na mikunjo ambayo sisi hatukuiongeza, jumla ikaja mita 16.76.

Baba watoto akafungua daftari. Yake ilikuwa 16.80.

Sijui kama nitaweza kueleza ukimya uliokuwa pale. Usiku kucha tulikuwa tumegawana lawama, yangu ya kamba na yake ya hesabu, na sasa makosa yetu yote yalikuwa yamekutana njiani yakafidiana, yakatuacha na tofauti ya sentimita nne. Upana wa vidole viwili. Kwa mita, tulikuwa tumepatia. Na ukuta ulikuwa bado wazi.

"Mita hazikosei sana, baba," yule binti akasema. "Ila ukutani hatubandiki mita. Tunabandika vipande."

Akachora kuta nne kwenye karatasi akaanza kuhesabu, safari hii ukuta baada ya ukuta. Huu wa mlango mkubwa, upande mrefu, una mita 3.30. Vipande vinane vinafika 3.20, inabaki sentimita 10. Ili kupata sentimita 10 unakata kipande kizima, na ile 30 iliyobaki huwezi kuitupia popote, kwa sababu mstari wa skatingi unatakiwa ukutane na mstari wa sakafu. Basi ni vipande tisa, si vinane na robo. Upande mfupi wa mlango, mita 1.10, ni vitatu. Mbavu za nguzo ni sentimita 20 kila moja, na mtu wa daftari atasema kipande kimoja kinatoa zote mbili. Lakini kona ya nje inakatwa kwa mshazari wa digrii 45, na msumeno nao unakula chake, kwa hiyo kila ubavu unadai kipande chake. Akaenda hivyo hadi akamaliza. Ukuta wa mlango mkubwa 12, wa nguzo 13, wa upinde 14, wa chumbani 9. Jumla vipande 48. Boksi zima, bila kuvunjika hata kimoja, bila kukosea mpasuo hata mmoja.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla hajafika mwisho. Kitenge chenye maua makubwa hakishonwi kwa kuhesabu yadi. Ua la mbele lazima likutane na ua la mshononi, na ili likutane unatupa kitambaa. Anayenunua yadi kamili kwa sketi ya maua anakuja kulia kwenye meza yangu.

"Halafu kuna hili, mama." Akaokota kipande cha katikati kilichomeguka. "Ukipasua tailizi mara nne, vya pembeni viwili vina ukingo wa kiwandani. Hivi viwili vya katikati vimekatwa juu na chini. Ukiviweka, mguu wake unafichwa na sakafu, ila kichwa kinabaki na meno. Mtu akitaka skatingi safi hesabu yake ni vipande viwili kwa tailizi, si vinne. Hapa ilitakiwa maboksi mawili, na tailizi tatu nne za akiba."

Kila kitambaa kina ukingo wake wa kiwandani, ule usiofumuka hata usipopigwa mshono. Fundi mzoefu hautupi ukingo huo hovyo. Nilipiga magoti nikapitisha kidole juu ya skatingi iliyokwisha bandikwa, na kweli, hapa paliteleza, pale palikwaruza, hapa paliteleza. Siku tatu nilikuwa nimeiangalia kwa macho kutoka juu. Kidole hakikuwa kimefika.

Hapo baba watoto akauliza swali ambalo ndilo lililotuokoa. Akasema, "Zile za sakafu ziliisha zote?"

Hazikuisha. Katika maboksi 13 zilibaki sita nzima, nami nilikuwa nimezipa kazi nyingine: mbili chini ya mtungi wa maji jikoni, nne kwenye sakafu ya banda la kuku. Rangi ile ile, namba ile ile, mzigo ule ule. Mdogo wake bibi harusi mtarajiwa alitumwa bandani na ndoo na brashi. Tailizi sita, kila moja vipande viwili vya ukingo safi, ni vipande 12. Ukuta ulikuwa unadai tisa.

Yule binti alifanya kazi hadi saa mbili usiku. Alikata polepole, uso wa tailizi ukiwa juu, maji yakimwagika kidogo kidogo kwenye msumeno, na hakuna kilichomeguka. Alianza kubandika kutoka mlangoni, vipande vizima vitangulie mahali macho yanapofikia kwanza, na kile cha sentimita 10 akakipeleka kona ya mwisho, nyuma ya kochi kubwa. Vile vya katikati vilivyokwisha bandikwa na mwenzake alivipitishia jiwe la kunolea, akaziba meno kwa saruji nyeupe. Hakusema neno baya juu ya fundi aliyemtangulia. Baba watoto alimshikia taa ya simu wakati wote, na kila kipande kilipokaa alikuwa anakitaja kwa sauti: kimoja, viwili, vitatu. Alipofika tisa akarudi nyuma akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani upande wa pili, na mimi nikakaa kando yake. Tulikaa pale muda. Nyumba ilinuka saruji mbichi na chai ya tangawizi.

Jumamosi wazee wa Katesh walifika saa tano, na si saa nne. Wakavua viatu chini ya ukuta ule, wakavipanga vidole vikigusa skatingi. Mshenga akatoa barua. Mazungumzo yakaenda vizuri, na habari za ng'ombe na mbuzi nawaachia wenyewe walioketi.

Boksi la rangi iliyozidi chai halikurudi dukani, kwa sababu lilikuwa limefunguliwa. Wiki iliyofuata tuliliamulia jikoni, ambako sakafu ni ya saruji na hakuna rangi ya kugombana nayo. Nilipima mwenyewe, kwa tepu ya chuma niliyoinunua, nimepiga magoti, ukuta baada ya ukuta. Nilizunguka mguu wa karo, nikaingia kona ya jiko la mkaa ambayo kwa macho ya kusimama haipo. Niliandika vipande na si mita. Baba watoto alikuwa anaandika, na nilipomtajia kona ya karo aliinama akaiangalia kabla ya kuiandika. Vilihitajika 22 kwa ukingo safi. Tailizi 11, ikabaki moja ya akiba.

Vile vipande vitatu vya sebule vilivyobaki viko chini ya kitanda chetu, vimesimama kwa ukingo, na karatasi yenye namba ya rangi imekunjwa katikati yake. Nimevifunga pamoja kwa ile futi kamba ya zamani. Ilifika mizunguko minne na fundo likapatikana.